Mti Mmoja, Ruhusa Mbili: Barua ya Wazi kwa Wanaotoa Kazi ya Kukata Matawi Chini ya Nyaya za Stima

Kwa wakandarasi mnaopewa kazi ya kusafisha njia za stima Turkana Kusini;
Kwa ofisi ya Kenya Power, Lodwar;
Kwa msimamizi wa wadi ya Lokichar, machifu na wasaidizi wao;
Kwa walimu wakuu na wasimamizi wa zahanati.

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, na naliweka mbele ili asiye na nafasi ya kusoma barua ndefu alipate hapa. Asipandishwe mtu juu ya mti uliokaribiana na waya wa stima, Lokichar au kwingine Turkana, kabla mwenye waya hajauzima, akaupima, akaufunga na ardhi, kisha akatoa karatasi yenye jina lake na saa aliyouzima. Yanayofuata ni sababu zangu, pamoja na jibu kwa wale watakaosema kwamba kazi ya matawi ni kazi ya panga tu.

Nimewafundisha vijana wa hapa kazi za umeme wa majumbani, na baadhi yao ndio mnaowachukua. Mnajua mnavyowapata. Tangu Rais Mwai Kibaki alipotangaza Machi 2012 kwamba mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia 1, mji huu umekuwa na watu wengi kuliko kazi. Juni 2018, malori yalipoanza kubeba mafuta ghafi kwenda Mombasa, wakazi waliyazuia, na ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Basi gari la mkandarasi likisimama stejini likitaka vibarua watano, wanakuja hamsini. Kijana aliyebahatika kuwapita wenzake arobaini na watano hatauliza kama laini imezimwa. Akiuliza, kuna mwingine anayengoja nafasi yake. Ndiyo maana barua hii sikuwaandikia wao. Nawaandikia ninyi mnaochagua, mnaolipa, na mnaoweza kusema kazi isianze.

Tukumbuke pia kwamba nyaya kwetu bado ni ngeni. Bwawa la Turkwel, lenye uwezo wa megawati 106, limekuwa likipeleka umeme kusini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, huku Lodwar ikiishi miaka mingi kwa mitambo ya dizeli isiyoungana na gridi ya taifa. (Hilo nalo lingestahili barua yake.) Mtoto wa Nairobi amekua akiona nguzo kila kona na kusikia makemeo ya mama yake kuhusu nguzo hizo. Wengi wa vijana wetu walikua wakichunga, na kuhusu miti wanajua kuliko wahandisi wote waliowahi kupita hapa. Ujuzi huohuo ndio unaowaponza, kwa sababu wanaupanda mti walivyozoea, kana kwamba waya haupo.

Nimewasikiliza wakizungumza juu ya kazi hii. Kuna mambo wanayaamini kwa dhati, na karibu yote yanaweza kuua.

La kwanza ni kwamba mti si chuma, hivyo haupitishi umeme. Mti mbichi umejaa maji na chumvi. Tawi la mwarobaini likilalia waya wa volti 11,000, mti mzima unakuwa njia ya kwenda ardhini, na aliyekumbatia shina anakuwa sehemu ya njia hiyo. Ndege hukaa juu ya waya asidhurike kwa kuwa amegusa kitu kimoja tu. Mtu aliye mtini amegusa viwili. Huwa nasikia pia kisa cha yule tumbili wa Gitaru, aliyeiangukia transfoma Juni 2016, nchi nzima ikakosa stima, naye akatoka mzima. Kinasimuliwa kwa kicheko, na vijana wanakichukua kama ushahidi kwamba stima si kali kama inavyosemwa. Tumbili yule alipata bahati ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuiandika kwenye mkataba.

Jambo jingine ni rangi ya waya. Siku hizi nyaya za kuingia majumbani zina ganda jeusi, na kijana akishazoea kuona fundi akizishika hizo, anadhani nyaya zote zina nguo. Laini ya juu kabisa ya nguzo, ile ya volti 11,000 au 33,000 inayokaa juu ya vikombe vya kuzuia umeme, kwa kawaida ni alumini tupu. Hata zile zenye ganda, jua letu haliihurumii plastiki. Ganda lililopasuka halionekani ukiwa chini.

Sasa nije kwenye lile linalonitia hofu zaidi. Stima ikipotea, watu huona ndiyo nafasi ya kukata matawi. Hata baadhi ya wasimamizi wa kazi nimewasikia wakisema, "Pandeni haraka, stima haipo." Kupotea kwa stima si kuzimwa kwa laini. Baadhi ya laini zina vifaa vinavyojaribu kujiwasha tena vyenyewe baada ya sekunde chache, bila mtu kubonyeza chochote. Fundi aliye mbali naye anaweza kurekebisha hitilafu yake na kurudisha umeme bila kujua kwamba kuna mtu ndani ya mti Lokichar. Kisha kuna jenereta. Katika mji kama wetu, stima ikipotea tu, maduka, hoteli na vituo vya mafuta vinawasha jenereta zao. Jenereta iliyounganishwa ovyo, bila swichi ya kutenganisha nyumba na laini, inarudisha umeme wake nje kupitia mita. Ukifika kwenye transfoma, transfoma haijui mbele wala nyuma. Ile iliyokuwa ikishusha 11,000 kuwa 240 sasa inapandisha 240 kuwa 11,000. Jenereta ndogo ya kuwasha friji ya soda inaweza kumuua mtu aliye juu ya mti mtaa wa pili, kwenye laini ambayo kila mmoja anaapa imekufa.

Ndiyo maana nimeandika kuzima, kupima na kufunga na ardhi. Si mbwembwe za mwalimu. Kuzima kunazuia umeme wa kampuni. Kupima kunathibitisha kwamba kilichozimwa ndicho kilichokusudiwa. Kufunga laini na ardhi kwa nyaya nene za kazi, karibu na mahali pa kazi, ndiko kunakomlinda mtu dhidi ya jenereta ya jirani na dhidi ya mkono utakaowasha kwa makosa. Na kupima huko si kwa ile testa ya kalamu aliyonayo fundi wa nyumba mfukoni. Testa ile haikutengenezewa volti 11,000, na anayeisogeza huko hatasimulia.

Wanaamini pia kwamba fyuzi itakata. Fyuzi imewekwa kulinda nyaya na transfoma, na inasubiri ampia nyingi ndipo ikatike. Sehemu ya kumi ya ampia moja ikipita kifuani inatosha kuuvuruga moyo. Kwa fyuzi, binadamu ni mzigo mdogo usioonekana. Hapa Turkana kuna balaa la ziada, nalo ni mchanga wetu. Mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida. Waya ukikatika kwa uzito wa tawi na kuangukia mchanga wa laga, ule mto mkavu, wakati wa kiangazi, unaweza kukaa pale kimya, bila cheche wala moshi, na mitambo isione hitilafu yoyote. Atakayeigundua ni mbuzi, au mtoto anayemfuata mbuzi.

Baada ya hapo vijana wataniuliza umbali, na ni haki yao. Kanuni za Marekani zinataka mtu asiye fundi wa laini asifikishe mwili wake wala chombo chake ndani ya futi 10, yaani mita 3 hivi, za waya wenye umeme wa hadi volti 50,000. Uingereza wakata miti wanaambiwa wasianze kazi yoyote ndani ya mita 9 za laini ya nguzo za mbao, au mita 15 za ile ya minara ya chuma, kabla ya kuzungumza na mwenye laini. Mtu anaweza kucheka kwamba umeme wa volti 11,000 hauruki hata shubiri moja hewani, na hajakosea sana. Lakini mita 3 hazikupimwa kwa ajili ya kuruka kwa umeme. Zimewekwa kwa sababu ya mkono, na urefu wa panga mbele ya mkono, na tawi linalozunguka likikatwa nusu, na mguu unaoteleza, na upepo wa mchana unaovuma kutoka upande wa ziwa bila kubisha hodi. Jumlisha hayo uone kama kuna kitu kinachobaki.

Na mti wetu wenyewe si mti wa kukimbilia chini. Waliotoka kwingine na kuandika taratibu za kazi hii huwazia mti laini, wenye matawi ya kushikika. Ewoi, yaani mgunga, una miiba ya namna mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana. Anayeingia katikati yake anaingia polepole, na kutoka anatoka polepole zaidi, akijinasua nguo na ngozi. Etirae, ule mnaouita mathenge, hauna huruma zaidi. Ikitokea tawi limeanza kuelekea waya, kijana huyo hana pa kurukia. Hivyo kwa miti ya miiba naona kupanda kusiwepo kabisa: kazi ifanywe kutoka chini kwa msumeno wa mpini mrefu usiopitisha umeme, au kwa gari lenye kikapu, na hilo baada ya laini kuzimwa. Ngazi ya chuma isionekane hata ndani ya lori.

Kuna jambo ambalo sijaliona limeandikwa popote, na kila mkazi wa hapa analijua. Mti ukikatwa Lokichar, haukatwi peke yake. Kishindo cha tawi la kwanza tu, mbuzi wanakuja, maana majani mabichi wakati wa kiangazi ni neema. Wenye mbuzi wanawafuata. Akina mama wanakuja kwa ajili ya kuni. Mwingine anataka miiba ya kuzibia boma. Mchoma makaa anasimama pembeni akipima shina kwa macho. Ndani ya muda mfupi chini ya mti kuna soko. Mkandarasi aliyekuja na watu watano, wote wakiwa juu au wakiburuta matawi, hana mtu wa kuuzuia umati huo. Waya ukianguka hapo hauchagui. Umeme unaoingia ardhini unatawanyika, na tofauti ya nguvu kati ya mguu mmoja na mwingine ndiyo inayoangusha. Ng'ombe na ngamia, ambao miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana, hufa mahali ambapo mtu angepona. Kwa hiyo katika kila kundi pawe na mtu mmoja asiyeshika panga, asiyeburuta tawi, asiyetumwa maji. Kazi yake iwe kutazama waya na kutazama watu, na neno lake la "simama" lisimamishe kila kitu, hata kama msimamizi ndiye aliyekuwa akisema endelea. Na matawi yaliyokatwa yagawiwe kwa utaratibu, mbali na nguzo. Mkisema hayaruhusiwi kuchukuliwa, yatachukuliwa kwa kunyemelea, na kunyemelea chini ya waya ni kubaya zaidi.

Hapo nafika kwa wenye miti. Katika nchi yetu mti haukuwahi kuwa wa kila mpita njia. Kandokando ya mto Turkwel, kule Katilu na Kaputir, na kando ya Kerio, familia zina ekwar zao: sehemu ya msitu wa mto ambayo miti yake, hasa ewoi, hutunzwa na kutumiwa na familia hiyo, na mgeni hulazimika kuomba. Maganda ya ewoi, ngitit, ndiyo yanayowavusha mbuzi hadi mvua. Mti wenye kivuli mjini nao una wazee wake, wanaokaa chini yake na kukata mashauri yao hapo. Kijana wa mkandarasi anayefika na panga bila salamu, akaufyeka mti wa namna hiyo, hajakata matawi tu. Na nimeona yanayofuata: kelele, mzee anashika shina, kundi linafukuzwa, na baadaye kazi inarudiwa kwa haraka na kwa hasira, saa za jua kali, ili siku isipotee. Haraka ya namna hiyo, mbele ya waya, ni hatari kuliko panga lenyewe.

Kwa hiyo nasema mti uliokutana na waya una wenyewe wawili, na kila mmoja ana ruhusa yake. Mzee anatoa ruhusa ya mti. Mwenye laini anatoa ruhusa ya waya. Ya mzee haizimi stima, na ya kampuni haimfanyi mtu kuwa mwenye ewoi. Aliyepata moja tu hajapata kitu. Najua kampuni huweza kumpelekea mwenye mti taarifa kwamba matawi yake yanaingilia laini. Lakini fikirini mama anayeuza chai chini ya mwarobaini wake anapoambiwa hivyo. Hana ngazi, hana kamba, hana simu ya mhandisi. Atamwita kijana, atampa shilingi mia mbili, na kijana atapanda. Taarifa yoyote inayomfikia mwenye mti iwe na maneno makubwa juu kabisa: USIKATE MWENYEWE. Na chini yake iandikwe tarehe ambayo laini itazimwa na kundi litakuja.

Kuhusu namna ya kukata sitasema mengi, maana wakata miti wazuri mnao mkiwatafuta. Ila acheni kuukata mti kichwa. Naona mnaupenda ukataji huo kwa kuwa unaonekana ni kazi, lori linajaa na picha inapigwa. Mwarobaini uliokatwa kichwa hurudisha vichipukizi vingi, vyembamba, vilivyoshikilia vibaya, vinavyokimbilia juu moja kwa moja kuelekea waya. Kwa hiyo mtarudi mapema, na safari hiyo matawi ya kukanyaga yatakuwa dhaifu zaidi. Tawi likatwe pale linapotoka kwenye shina au kwenye tawi kubwa, kwenye ule uvimbe mdogo, na mti uelekezwe kukua upande usio na waya. Tawi refu likatwe vipande vipande kuanzia nchani, lifungwe kamba kavu kabla ya kukatwa, lishushwe upande wa pili wa laini. Kamba iliyolowa nayo ni waya. Kazi isifanywe mvua ikinyesha wala majani yakiwa yamelowa. Na jaketi la reflekta, ambalo naona ndicho kifaa pekee wanachopewa vibarua wengi, linamsaidia dereva kuwaona. Dhidi ya umeme halina lolote.

Waheshimiwa wa kaunti na walimu wakuu, zamu yenu sasa. Serikali ya taifa ina kampeni ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande. Ni jambo jema, na hakuna mahali panapohitaji kivuli kuliko hapa. Lakini tazameni mahali tunapopanda: tunafuata ua wa shule, ua wa zahanati na ukingo wa barabara, ili mistari inyooke na mgeni rasmi aione. Nguzo za stima nazo zinafuata ua huohuo na barabara hiyohiyo. Mwarobaini uliopata maji unaweza kufika mita 4 hadi 7 ndani ya miaka mitatu, na nyaya za majumbani hupita mita tano au sita hivi kutoka ardhini. Tunapanda leo kazi ya hatari ya kesho, tena tunawapa watoto ndio waipande. Kipimo ni rahisi: ukikusudia mti utakaofika mita 15, simama chini ya waya, tembea hatua 15 kubwa, ndipo uchimbe shimo. Chini ya waya penyewe pakipandwa kitu, kiwe kile ambacho mbuzi anakifikia.

Na wale wa Kakuma wasidhani barua hii haiwahusu. Kambi ilifunguliwa 1992, na kwa miaka mingi wafanyabiashara wamekuwa wakiendesha jenereta na kuwauzia majirani umeme kwa nyaya zinazotandazwa juu ya mapaa, juu ya vijiti, na mara nyingine kufungwa kwenye matawi yenyewe. Pale hakuna hata kampuni ya kupigiwa simu. Waya umefungwa kwenye mti, mti unakua, unaubana waya, ganda linapasuka, mvua inakuja. Anayekata tawi hapo anapaswa kumtafuta mwenye jenereta na kusimama naye pembeni ya mtambo uliozimwa, ufunguo ukiwa mfukoni mwa mkataji. Gridi ndogo za sola zinazoingia Kalobeyei na vijiji vingine ni afadhali sana, ila zina betri. Usiku si dalili kwamba nyaya zake zimelala.

Ofisi ya Lodwar, naomba mnielewe vizuri. Sisemi kwamba nyinyi ndio mnaowapandisha watu mitini. Nasema neno lenu ndilo pekee linaloweza kumshusha mtu. Mkandarasi anayeomba laini izimwe asubiri siku ngapi? Ikiwa kuzimiwa laini kunachukua wiki, na malipo yake yanahesabiwa kwa idadi ya miti, atapanda bila kuzima. Pangeni siku zinazojulikana za kukata matawi Lokichar, mzitangaze redioni kwa Kiturkana na Kiswahili, ili mwenye hoteli aandae mafuta ya jenereta na aoneshwe namna ya kuitenganisha na laini. Mkandarasi mmlipe kwa kazi iliyofanywa na laini ikiwa imezimwa, na miti iliyokatwa siku laini iko hai msiilipe hata senti. Siku mtakayokataa kulipa mara moja tu, habari itafika Lokichoggio kabla ya jioni. Na pale ewoi wa wazee unapokutana na njia mpya, ulizeni bei ya kuhamisha nguzo mbili au kufunga nyaya zenye ganda zilizosokotwa pamoja, kabla ya kutaja bei ya kuukata mti.

Wakandarasi, mnaijua Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huohuo. Mtu akifa kazini, fidia inayotajwa ni mapato ya miezi 96. Baadhi yenu mnadhani kibarua wa siku moja hana miezi ya kuhesabiwa. Anayo. Chukueni bima kabla ya kuchukua panga, na majina ya vijana yaandikwe asubuhi kabla kazi haijaanza. Isiwe yanaandikwa jioni baada ya jambo kutokea, mtu akaitwa mpita njia aliyekuwa akitafuta kuni.

Na jambo likitokea? Asikimbiliwe aliyenaswa. Najua ni vigumu kusimama ukimtazama ndugu yako, lakini anayemshika naye hunaswa, na wa tatu vilevile. Watu warudi nyuma mita kumi au zaidi, kwa hatua fupi za kuburuta miguu iliyokaribiana, mbuzi waondolewe, na Kenya Power wapigiwe 97771. Hadi mwenye laini aseme imezimwa, hakuna fito, wala kamba, wala ubao utakaotumika kumvuta mtu kutoka laini ya juu. Zile hadithi za fito kavu ni za waya wa nyumbani, na hata huko si za kuaminiwa. Akishatolewa na hapumui, kifua chake kikandamizwe kwa nguvu na kwa mfululizo bila kungoja gari. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iko Lodwar, zaidi ya kilomita themanini. Kila kundi liwe na watu wawili wanaojua kukandamiza kifua, na hilo naweza kuwafundisha mimi na wenzangu alasiri moja, bure.

Naomba chifu aitishe baraza kabla ya mvua. Waje mtu wa laini kutoka Lodwar, mkandarasi yeyote mwenye mkataba, wazee wenye miti, mama wa chai, wenye jenereta, na vijana wenyewe. Tukubaliane siku za kuzima laini, tuandike jina la atakayetoa karatasi, na tuseme wazi nani ana neno la kusimamisha kazi. Majibu ya barua hii yaletwe hapo, mbele ya watu, kwa maandishi. Kwa simu sitayapokea.

Wenu,
Mwalimu wa kazi za umeme,
Lokichar.